Kusahihisha Kiingereza cha Maandishi: Anza na Kiswahili Kilicho Chini Yake

Andika "I was stolen my phone" na kila Mswahili atakuelewa papo hapo, kwa sababu chini ya maneno hayo anasikia "niliibiwa simu". Asiyejua Kiswahili atasoma jambo jingine kabisa: kwamba aliyechukuliwa na mwizi ni wewe mwenyewe. Sisi tuna "niliibwa" na "niliibiwa", na kiambishi kidogo katikati ya kitenzi kinatenganisha mtu aliyechukuliwa na mtu aliyechukuliwa kitu chake. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Kinataka kitu kilichoibwa ndicho kiwe kiima, "My phone was stolen", au ukitaka kumtanguliza mtu, ubadili kitenzi: "I was robbed".

Nimeanza na mfano huo kwa sababu ndani yake imo njia nzima ya usahihishaji ninayoiamini. Sehemu kubwa ya makosa ya Kiingereza chetu ni Kiswahili sahihi kilichohamishwa neno kwa neno. Ukisahihisha bila kukitafuta Kiswahili hicho, utarekebisha sentensi moja na kosa lilelile litakungoja aya inayofuata. Ukikipata, unarekebisha ukoo mzima wa makosa kwa mkupuo mmoja. Wala si jambo la kumwonea mtu haya. Mtanzania aliyepita shule ya msingi ya serikali amesoma miaka yake yote ya mwanzo kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo liko kwa Kiingereza. Aliandika kwa lugha aliyokuwa nayo. Kinachotakiwa sasa ni utaratibu.

Tutafanyia kazi barua moja. Nimeitunga kwa kukusanya makosa yanayojirudia kwenye maombi ya kazi:

"Dear Sir, Please concern with the heading above. Me I am a Tanzanian aged 26 years. I am having a diploma of accounts which I completed it in 2021. I am working in a certain company since 2022 where I got experience of preparing reports and to give advices to customers. Although the work is good but I want to grow. If you will give me the chance I will can be able to work hard. I am available at two o'clock morning from Monday up to Friday. Thanks in advance, waiting for your positive reply."

Hatua ya kwanza: soma bila kalamu

Usianze na sarufi. Soma barua yote mara moja na uulize kila sentensi ina kazi gani. Sentensi isiyo na kazi haisahihishwi, inafutwa, na kila unayoifuta imekupunguzia makosa.

"Please concern with the heading above" ni "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Katika barua ya kiofisi ya Kiswahili ni adabu inayojulikana. Katika Kiingereza haina nafasi, na kuibadilisha iwe "Refer to the above heading" hakuisaidii, maana kichwa cha barua kimeshasema barua inahusu nini. Ingia moja kwa moja: "I am writing to apply for the post of accounts assistant". Sentensi ya uraia na umri nayo ifute, isipokuwa tangazo la kazi limeyataka mambo hayo. Kama limeyataka, mahali pake ni kwenye wasifu.

"A certain company" ni "kampuni fulani". Kwa Kiswahili "fulani" haina ubaya, ila mwajiri anayesoma Kiingereza atahisi unaficha jambo. Itaje kampuni, au useme ni ya biashara gani na iko wapi. Na mwisho wa barua, "Thanks in advance, waiting for your positive reply" humsukuma msomaji akubali kabla hajasoma wasifu wako. Kuna kauli moja iliyozoeleka na inatosha: "I look forward to hearing from you". Angalia ni "hearing", si "hear". Hapo "to" ni kihusishi, kwa hiyo kitenzi kinachofuata huchukua "-ing".

Hatua ya pili: vitenzi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Pigia mstari kila kitenzi katika andiko lako, kisha jiulize kwa Kiswahili ungetumia kiambishi gani cha wakati. Viambishi vinne ndivyo vinavyotuponza.

Cha kwanza ni "-na-". "Ninasoma" hubeba maana mbili ambazo Kiingereza huzitenga: "I read", ninachofanya kwa kawaida, na "I am reading", ninachofanya sasa hivi. Kwa kuwa kwetu umbo ni moja, "ninajua" hugeuka "I am knowing", "ninahitaji" hugeuka "I am needing", na "nina" hugeuka "I am having". Vitenzi vya kujua, kuelewa, kuamini, kupenda, kutaka, kuhitaji na kumiliki, katika maandishi rasmi, viandike bila "-ing": "I know", "I need", "I have a diploma". "Having" husimama pale tu "have" inapokuwa na maana ya kufanya jambo, kama "We are having lunch".

Cha pili ni "-me-", na hiki kina hila. Mara nyingi "-me-" ya Kiswahili haisimulii tendo, inaeleza hali iliyopo sasa. Mtu akikuambia "amelala", anamaanisha yuko usingizini. Ukiandika "He has slept", msomaji ataelewa kwamba usingizi umekwisha. Andika "He is asleep". "Amevaa shati jekundu" ni "He is wearing a red shirt", wala si "He has worn". "Amesimama mlangoni" ni "He is standing at the door". "Nimechelewa" ni "I am late", "nimechoka" ni "I am tired". Na mwanamke anayejaza fomu akaandika "I have been married" kwa maana ya "nimeolewa" amemwambia msomaji kwamba aliwahi kuolewa huko nyuma. Alitaka kusema "I am married". Kipimo ni hiki: kama baada ya "-me-" unaweza kuongeza "na bado yuko hivyo", tafuta "is" au "am" kwanza.

"-me-" hiyohiyo huleta kosa jingine. Sisi husema "nimemwona jana" bila shida. Kiingereza hakikubali "have" iambatane na muda uliokwisha kufungwa, kama "yesterday", "last week" au "in 2019". Ni "I saw him yesterday". Kinyume chake ni neno "tangu". "Nafanya kazi hapa tangu 2022" ni Kiswahili safi, lakini "I am working here since 2022" si Kiingereza. Jambo lililoanza zamani na bado linaendelea linadai "have": "I have worked here since 2022", au "I have been working here since 2022". "Since" hufuatwa na wakati jambo lilipoanza. Urefu wa muda hutumia "for": "for three years".

Cha tatu ni "-ta-". "Utakapofika, nipigie" humfanya mtu aandike "When you will arrive, call me". Dawa ninayoipenda ni kuisema upya sentensi hiyo kwa "-ki-": "Ukifika, nipigie". "-ta-" imetoka, na "will" nayo inatoka: "When you arrive, call me". Kanuni hiyo hushika baada ya "when", "if", "before", "after", "until" na "as soon as". Kwa hiyo "If you will give me the chance" inakuwa "If you give me the chance".

Cha nne ni "-nge-", kinachokaa pande zote mbili za sentensi: "Ningekuwa na mtaji, ningefungua duka". Mwandishi huona viwili na kuweka "would" mbili. Kiingereza huweka moja, upande wa matokeo peke yake: "If I had capital, I would open a shop".

Ukishamaliza wakati, pita tena kwa kasi uone umbo. Baada ya "did" na "didn't" kitenzi hurudi kwenye umbo la shina: "He didn't come", kamwe si "didn't came". Baada ya "can", "will", "must" na "should" vilevile. "Can" na "be able to" ni kitu kimoja, hivyo "can be able to" ni kurudia, na "will can" haipo; iliyopo ni "will be able to". Kwenye barua yetu sentensi nzima ya "I will can be able to work hard" ningeifuta. Kila mwombaji huahidi bidii, na mwajiri hupata ushahidi wake kwenye kazi ulizokwisha fanya.

Halafu ile "s". Kwa Kiswahili upatanisho huonekana mwanzoni mwa kitenzi: anafanya, wanafanya. Kwa Kiingereza hukaa mwishoni, tena kwa nafsi ya tatu umoja ya wakati uliopo tu, ndiyo maana jicho letu huruka. Tafuta kiima cha kweli, usidanganywe na nomino iliyo karibu: "The list of names is ready". Kilicho tayari ni orodha.

Hatua ya tatu: chomoa kilichozidi

Kitenzi cha Kiswahili humbeba mtendaji na mtendwa ndani yake. Katika "kitabu nilichokinunua", kitabu kimetajwa, kikaunganishwa kwa "-cho-" na kurudiwa kwa "-ki-". Ukihamisha vyote unapata "the book which I bought it". Kiingereza kinataka kitajwe mara moja: "the book I bought". Katika barua yetu, "which I completed it in 2021" inapoteza "it". Fanya hivi: tafuta kila "which", "who", "whom", "that" na "where" katika andiko lako, kisha soma hadi mwisho wa kishazi hicho. Ukikuta "it", "him", "her", "them" au "there" inayorudi kwa kitu kilekile, ifute. "The man whom I met him", "the house which I live in it", "the village where I come from there" zote hutibiwa namna moja. Hiyo ya mwisho, ukishatoa "there", ibadili iwe "the village I come from".

Ndivyo ilivyo kwa kiima. "Mama yangu anaumwa" ina "a-", nayo huzaa "My mother she is sick". "Mimi nadhani" huzaa "Me I think". "Hata mimi sijui" huzaa "Even me I don't know", ambayo kwa Kiingereza ni "I don't know either".

Viunganishi vya jozi navyo. "Ingawa ... lakini" ni jozi yetu. Kiingereza huchagua kimoja: "Although I enjoy the work, I want more responsibility", au "I enjoy the work, but I want more responsibility". "The reason is because" ichukue "that": "The reason is that". Na maneno yaliyobeba maana ya "nyuma" au "tena" tayari, kama "return" na "repeat", hayahitaji "back" wala "again".

Hatua ya nne: vihusishi

Hapa kanuni ni chache na kukariri ni kwingi, nami sioni faida ya kukuficha hilo. Bado Kiswahili kinakuonyesha pa kuangalia.

"Na" yetu hufanya kazi nyingi mno: "ameolewa na daktari" huzaa "married with a doctor", badala ya "married to". "Tofauti na" huzaa "different with", badala ya "different from". "Kuhusu" huongeza neno pasipohitajika: "discuss about the budget". "Discuss" haitaki kitu katikati: "discuss the budget". Katika kundi hilo weka "emphasize", "request", "demand", "contact", "attend" na "lack". Utata hutokea kwa sababu nomino zake huchukua kihusishi na vitenzi havichukui. Ni "a request for leave" lakini "I request leave". Ni "a lack of water" lakini "We lack water". "Despite" husimama peke yake, "in spite" ndiyo yenye "of".

Upande wa pili wako vitenzi vinavyotaka kihusishi ambacho Kiswahili kimekimeza. "Nisubiri" ni "wait for me". "Sikiliza redio" ni "listen to the radio". "Omba kazi" ni "apply for a job". "Jibu barua" ni "reply to a letter", au tumia "answer" bila kihusishi. "Alinieleza" ni "He explained to me", na ukiandika "He explained me the problem" umehamisha ile "-ni-" mzimamzima. Kauli ya kutendwa ina mtego huohuo: "nilielezwa" haiwezi kuwa "I was explained". Sema "It was explained to me", au kwa wepesi zaidi, "I was told".

"Mpaka" na "hadi" hugeuzwa "up to" kila mahali. Kwa siku ni "from Monday to Friday". Kwa muda ni "until": "I stayed there until 2019". Bakiza "up to" kwa kiasi: "up to 50 people".

Usipokuwa na hakika, tafuta kauli nzima kwenye intaneti ukiifunga kwa alama za kunukuu, mara moja kwa kila kihusishi, kisha tazama ni ipi inayotumiwa na magazeti na mashirika makubwa. Wingi wa matokeo peke yake usikupumbaze, maana makosa nayo yamejaa mtandaoni. Kwa uhakika zaidi kuna COCA, hazina ya Kiingereza cha Marekani iliyoanzishwa na Mark Davies mwaka 2008, yenye maneno zaidi ya bilioni moja kutoka magazetini, vitabuni na kwenye mazungumzo. Inaonyesha neno lipi huandamana na lipi, pamoja na sentensi zenyewe.

Hatua ya tano: nomino, na yale maneno madogo

Kiswahili hakina "a" wala "the", lakini kina namna ya kusema jambo lilelile, na namna hiyo ndiyo kipimo chako. Kama kabla ya nomino ungeweza kuweka "yule" au "ile", kwa maana kwamba msomaji anaijua tayari, andika "the". Kama baada yake ungeweza kuweka "mmoja" au "fulani", andika "a". "Mtu mmoja alikuja ofisini. Yule mtu alikuwa mgonjwa": "A man came to the office. The man was ill". Kama huwezi kuweka lolote kwa sababu unazungumzia jambo kwa jumla, acha wazi. "Maisha ni magumu" ni "Life is hard", si "The life". Kipimo hiki hakimalizi kila kitu, ila kinabeba sehemu kubwa ya kazi. Ongeza mambo mawili. Kazi ya mtu mmoja huchukua "a": "She is a teacher". Na kuchagua "a" au "an" ni suala la sauti, si la herufi: "an hour", "a university", "an MP".

Nomino zisizohesabika ziandike kwenye kipande cha karatasi, ukibandike mahali unapoandikia: "information", "advice", "equipment", "furniture", "luggage", "feedback", "evidence", "research". Hazichukui "s" wala "an". Wingi wa Kiswahili ndio unaotupotosha, maana taarifa, ushauri na vifaa kwetu havina shida hiyo. Ukitaka kuhesabu, sema "two pieces of advice". "Staff" haina "s" kwa maana ya wafanyakazi. "Pesa nyingi" ni "a lot of money", kamwe si "many money". Kamusi za wanaojifunza lugha, kama zile za Oxford, Cambridge na Longman ambazo zina tovuti za bure, huonyesha karibu na kila nomino kama inahesabika au la. Jizoeze kuangalia alama hiyo kabla ya kusoma maana.

"Yeye" haina jinsia. Katika ripoti ndefu, hasa inayosimulia habari za mgonjwa au mteja, pitia mara moja kwa ajili ya "he" na "she" peke yake. Mwandishi mwenye haraka humwanza mtu akiwa mwanamke na kumaliza akiwa mwanamume.

Maneno yetu yenye kazi mbili

"Kuazima" hutumiwa kwa anayetoa na anayepokea. Kiingereza kina "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayepokea, hivyo "Borrow me your pen" haisimami. "Kusoma" ni "read" ukishika kitabu, na "study" ukiwa chuoni: "I studied at Makerere". "Kusikia" ni "hear" kwa sauti, lakini njaa na baridi ni "feel", au zaidi "I am hungry", "I am cold". Dawa hatuinywi kwa Kiingereza hata ikiwa ya maji: "take medicine". Picha nayo ni "take". Simu "hukatwa" kwa "hang up". "Sana" ni "very". "Too" hubeba lawama, kwamba jambo limepita kiasi, kwa hiyo "The food was too good" kwenye barua ya shukrani si sifa uliyokusudia.

Salamu zetu za "pole" usizitafsiri. "Sorry for the work" itamshangaza msomaji, atajiuliza umemkosea nini. Kwa aliyetoka safari andika "I hope you had a good journey". Kwa aliyefiwa, "I am sorry for your loss". Bango la hotelini la "Welcome again", yaani "karibu tena", ni "Please come again".

Saa na tarehe

Kosa hili halina mstari mwekundu kwenye kompyuta yoyote, na linaweza kumkosesha mtu kazi. Saa mbili asubuhi ni "8 a.m.". Saa nane mchana ni "2 p.m.". Tofauti ni saa sita kila wakati. Kila ukiandika muda, uandike kwa tarakimu pamoja na "a.m." au "p.m.", kisha tazama uso wa saa uhakikishe. "Usiku wa kuamkia Jumatatu" ni "Sunday night", lakini tukio la saa nane ya usiku huo limetokea "at 2 a.m. on Monday". Tarehe iandike kwa jina la mwezi, "3 April 2025", kwa kuwa Mmarekani akiona 03/04/2025 atasoma tarehe 4 Machi.

Tahajia na nukta

Programu ya tahajia itakamata neno lisilokuwepo. Haitakamata neno sahihi lililokaa mahali pasipo pake. Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo masikio yetu hayatengi "live" na "leave", na "I leave in Mwanza" imeandikwa mara nyingi na watu wanaoishi Mwanza. Vivyo hivyo "fill" na "feel". Anayechanganya "l" na "r" kwa athari ya lugha ya nyumbani aangalie "collect" na "correct", "play" na "pray". Kuhusu uakifishi, sentensi mbili kamili haziunganishwi kwa mkato peke yake. Weka nukta.

Barua ilivyotoka

"Dear Sir or Madam, I am writing to apply for the post of accounts assistant, which you advertised on 3 March. I completed a diploma in accountancy in 2021 and have worked for a hardware company in Morogoro since 2022, where I prepare monthly reports and advise customers on payments. I enjoy the work, but I would like more responsibility. I am available for an interview from 8 a.m., Monday to Friday. I look forward to hearing from you. Yours faithfully,"

Tazama jinsi "preparing reports and to give advices" ilivyonyooka: vitenzi viwili vinavyofanya kazi sambamba vimepewa umbo moja, "prepare" na "advise". Na kwa desturi ya Kiingereza cha Uingereza, "Yours faithfully" hufuata barua isiyo na jina la mpokeaji. Ukimtaja kwa jina, funga kwa "Yours sincerely".

Iache barua hiyo hadi kesho yake, kisha uisome kwa sauti. Ukikwama mahali, tatizo lipo hata kama hujui jina lake. Baada ya hapo ndipo uipitishe kwenye programu ya kusahihisha, Grammarly au LanguageTool au ile iliyomo ndani ya Word. Nasema baada, kwa sababu programu ikitangulia itakulainishia sentensi ambazo zilistahili kufutwa. Kila pendekezo lisome kabla ya kulikubali, uhakikishe maana yako haijabadilika.

Usivyopaswa kuvigusa

Mtu akishajua kusahihisha huanza kuharibu vilivyo vizima. "Colour" na "color" zote ni sahihi, ya kwanza ya Uingereza, ya pili ya Marekani. Ofisi nyingi za Afrika Mashariki hufuata ya Uingereza, nawe chagua moja ushikamane nayo. Sentensi kuishia na kihusishi, kama "the office I work in", si kosa, wala kuanza na "But" au "And".

Na maneno ya kwetu yasiyo na mwenzake yaache yalivyo. "Safari" ni neno la Kiingereza siku nyingi, lililotoka kwetu. Ukiandikia mtu wa Nairobi, "matatu" na "shamba" hayahitaji maelezo. Ukimwandikia mtu wa Toronto, ongeza maneno machache pembeni, "a matatu, one of the shared minibuses most people here take to work", kisha endelea na habari yako.